Nyonga Iliyozikwa kwa Sala

Usiku wa jana niliota nyonga ya mama inabisha hodi mlango wa jikoni. Kilichonishangaza si kwamba ilibisha hodi. Kilichonishangaza ni kwamba ilikuwa imejifuta udongo kwenye gunia la mlangoni, kama mtu aliyelelewa vizuri.

"Karibu," nikasema.

"Asante. Shikamoo dada."

"Marahaba."

Nilifikiri kidogo nikaona salamu imekaa sawa. Mkubwa ni mimi. Yeye aliingia kwa mama juzi tu, na mimi nilikuwa nimeshatoka humo zamani.

Alikuwa vilevile kama daktari alivyotuonyesha kwenye picha. Kijiti kinene cha chuma, urefu wa mpini wa mwiko, juu yake shingo fupi, na juu ya shingo kichwa cha mviringo kinachong'aa kama gololi kubwa. Lile bakuli dogo la chuma ambalo kichwa hulalia alikuwa amelivaa kama kofia. Alipovuka kizingiti akalivua. Sijui alilivua kwa mkono gani.

Hapa inabidi nieleze, maana asiyeijua nyonga hii anaweza kudhani nilikuwa naota tu.

Mama yangu anaitwa Nanzia. Nyonga yake ya kushoto ililika, akapelekwa hospitali kubwa, akawekewa ya chuma. Wakatuambia asiwe na wasiwasi, chuma hicho kitamzika. Haikuwa hivyo. Maumivu yalirudi, mabaya kuliko ya mwanzo, na daktari mwingine alipomfungua alikuta nyama ya ndani imekuwa nyeusi kama masizi. Chuma kilikuwa kinajisaga. Akakitoa, akamwacha mama bila kitu mahali pale, mguu mmoja mfupi, mtu wa kitanda na magongo, mpaka ipatikane nyonga nyingine iliyo nzima.

Na nyonga nyingine haipatikani hivi hivi. Waliotengeneza ile ya kwanza walishatangaza wenyewe kwamba ina kasoro, na wakili wetu, dada mmoja wa Mwanga anaitwa Senkoro, alisema tukiwadai watalazimika kumwekea mama nyingine. "Lakini nileteeni chuma chenyewe," akaniambia kwenye simu. "Namba ya kiwanda imechongwa shingoni. Bila hicho chuma tutakuwa tunadai kwa mdomo, na mdomo haupimwi."

Sasa, hicho chuma.

Nesi alikisafisha, akakifunga, akamkabidhi Mjomba Elieza, kaka yake mama. Mimi siku hizo nilikuwa wodi ya wazazi, namzaa Nakiete. Mjomba hakuwaza kesi. Aliwaza alivyolelewa, kwamba kilichotoka mwilini mwa mtu hakitupwi. Kitovu hakitupwi, jino halitupwi. Kinarudi ardhini. Akakipandisha nyumbani Usangi, kule milimani, akamwita mzee wa kanisa, wakakizika, mama akiwa amekalishwa kwenye kiti pembeni. Wanasema mzee wa kanisa alipofika pale pa mavumbi kwa mavumbi akasita, akachungulia shimo, akaongeza, "na chuma kwa chuma."

Hospitali wanawaambia kitawazika ninyi, ninyi mnakizika chenyewe.

Kilizikwa wapi, mama hasemi. Nimemwuliza nikimkanda mgongo. Nimemwuliza nikimsuka. Jibu ni lile lile, "Kilichozikwa hakifukuliwi, mwanangu. Leo utafukua nyonga, kesho utamfukua baba yako?" Mjomba naye ukimwuliza anamwangalia dada yake, kisha anasema mvua mwaka huu zimechelewa.

Watu hutusema sisi Wapare kwamba tunapenda kesi, kwamba mtu atauza ng'ombe kufuatilia kuku. Kumbe ikija kesi ya kweli, tunamzika kuku.

Na mama hataki makubwa. Anataka kumfunga Nakiete mgongoni, ampeleke kanisani na kumrudisha, kwa miguu yake. Hajawahi kumbeba akiwa amesimama. Kwa sasa anamfumia soksi.

Basi, ndoto.

"Nimeitwa mahakamani," Nyonga akasema. "Mimi ni kielelezo."

"Najua."

"Kielelezo hakiendi peke yake. Lazima kiletwe na mtu mwenye mama."

"Mimi ninaye."

"Ndiyo sababu nimebisha hapa."

Nikamfunga Nakiete mgongoni. Alikuwa amevaa soksi zake za njano. Nyonga nikamweka kwenye kikapu, juu ya vitunguu. Akaniomba nikitoe kile kijiko kilichokuwa humo, akasema chuma cha jikoni hudharau chuma cha hospitali. Nikakitoa. Kijiko hakikusema kitu, ila nilikiona.

Nafungua mlango wa uani. Uani hakuna. Kuna korido ndefu inayonukia dawa ya kuoshea sakafu, na mwisho wa korido kuna geti la chuma kama la shule. Natembea. Nakiete anapiga miguu mgongoni. Kwenye geti amekaa mama mmoja mnene, miwani puani, anafuma sweta la bluu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mimi ndiye Ukomo."

Wakili Senkoro alishaniambia habari za ukomo wa muda, kwamba dai likichelewa linafungiwa nje hata liwe la haki namna gani. Hakuniambia kwamba anafuma.

"Sweta la nani hilo, mama?"

"La geti. Likiisha nalivalisha geti, na geti likishavaa halifunguki."

"Umebakiza kiasi gani?"

"Nusu ya mkono wa pili."

Pembeni kulikuwa na geti jingine, limeshavaa sweta la kijani, limebanwa vizuri mpaka shingoni. Nje yake wamekaa watu wengi, kila mmoja amepakata nyonga yake au goti lake kwenye mapaja, wametulia kama wanaosubiri kuitwa dirisha la dawa.

"Hao ushahidi wao ulikuwa mzuri sana," Ukomo akasema. "Walichelewa tu."

"Hawawezi kuingia kabisa?"

"Mwanangu, mimi sichukii mtu. Nafuma."

Sindano zake zilikuwa zinakwenda mbio, na mkono wa sweta ulikuwa unarefuka huku nikiutazama. Nikasikia kitu kinavutika nyuma yangu. Nakiete alikuwa ameinama kutoka mgongoni, amekamata ncha ya uzi, anavuta kwa utulivu kabisa kama anavyovuta nywele zangu. Mkono wa sweta ukafumuka wote mpaka kwenye bega.

"Samahani sana, mama."

Ukomo akashusha miwani akamwangalia. Nakiete akamcheka, ana meno mawili ya chini.

"Sheria haikusema kitu kuhusu watoto wachanga," Ukomo akasema. "Naanza mkono upya. Lakini piteni haraka, leo nimeamka na kasi."

Ndani ya geti kijana mmoja wa mapokezi akanisukumia gunia. Lilikuwa limejaa, limeshonwa mdomo.

"Hili nini?"

"Mzigo wa kuthibitisha. Anayedai ndiye anayebeba."

"Kuna nini ndani?"

"Ungekuwa unajulikana usingekuwa wa kuthibitisha."

Nikavua kitambaa cha kichwani, nikakunja ngata, nikajitwisha. Kijana akanitazama kwa heshima. Akasema wanaume wengi huishia hapo hapo kwa sababu hawajui kukunja ngata, wanajaribu kubeba begani na linawashinda.

Basi ninaingia mahakamani hivyo. Mtoto mgongoni, kikapu mkononi, mzigo kichwani. Sijioni wa ajabu. Hivyo ndivyo ninavyokwenda hata sokoni.

Ukumbi wa mahakama ulikuwa banda letu la mbuzi, ila limepakwa rangi. Kwenye mabenchi walikaa majirani zetu wa Usangi, wamevaa vya Jumapili, na mbuzi wamekaa katikati yao. Hakimu alikuwa kitanda cha hospitali, kile cha kuinua kwa kuzungusha mpini. Karani akamzungusha mpaka akawa amekaa.

"Mheshimiwa Kitanda," karani akatangaza.

Tukainama. Wakili wa kiwanda alikuwa tai. Simaanishi ndege, namaanisha ile ya kufunga shingoni, rangi ya zambarau, imepigwa pasi. Ilisimama yenyewe, haina shingo.

"Mdai yuko wapi?" Mheshimiwa akauliza.

"Mama yuko nyumbani, Mheshimiwa. Hawezi kutembea."

"Kwa sababu gani?"

"Kwa sababu ya kesi hii."

"Inakubalika," akasema. "Mzigo usitue bado."

Tai akajinyoosha. "Mheshimiwa, mteja wangu hakatai kwamba zipo nyonga mbovu. Anakataa kwamba tatizo ni nyonga. Nyonga yetu ni ya kutembelea. Huyu mama hakuwa anatembea. Alikuwa anapanda."

"Anapanda nini?"

"Usangi, Mheshimiwa."

Majirani wakatazamana. Mheshimiwa Kitanda akasema itabidi mahakama ikajionee mahali penyewe. Lakini kitanda hakipandi mlima, kwa hiyo mlima ukaja.

Sakafu inainuka upande wa kushoto. Migomba inaota katikati ya mabenchi. Sasa tuko kwenye njia ya kanisani, ile yenye mawe na mfereji pembeni, na majirani wameendelea kukaa palepale bila kuteleza, ndiyo miguu waliyozaliwa nayo. Tai anateleza mpaka mlangoni. Anarudi. Anateleza tena. Mbuzi mmoja anamzuia kwa pembe.

"Wakili, umepaona?" Mheshimiwa akauliza. Karani alikuwa amemwekea jiwe nyuma ya gurudumu.

"Nimepaona."

"Kiwanda chenu kiko wapi?"

"Mahali tambarare, Mheshimiwa."

"Mlipomletea mama huyu nyonga, mlimwuliza anakaa wapi?"

Tai akasema swali hilo halikuwa kwenye maelezo ya boksi.

"Basi kielelezo kipokelewe," Mheshimiwa akaamuru.

Kumbe mahakamani wanaposema kupokea, ni kupokea kweli. Mama mmoja wa benchi la mbele akatandika mkeka. Karani akaleta maji ya kunawa, akaleta chai ya maziwa na ndizi za kuchemsha kwenye sahani yenye maua. Nikamtoa Nyonga kwenye kikapu, nikampangusa maganda ya vitunguu, nikamkalisha.

"Pole na safari," mahakama nzima ikasema.

"Nimeshapoa," Nyonga akajibu.

"Habari za ulikotoka?"

"Giza. Lakini nilizikwa kwa adabu, siwezi kulalamika."

Mheshimiwa akasubiri amalize chai. Kisha akamwambia aeleze kwa maneno yake mwenyewe.

"Mimi ni nyonga ya kushoto," Nyonga akaanza. "Niliwekwa kwa Nanzia. Nilifika asubuhi, nikakuta mfupa umenifungulia njia, nyama zimenikaribisha. Nikasema hapa nimepata kwangu. Siku za mwanzo tulikwenda vizuri. Tulikwenda kisimani, tulikwenda kanisani, tulikwenda kumpelekea jirani moto. Halafu nikaanza kusikia kitu kama mchanga. Nikadhani ni yeye. Kumbe ni mimi."

"Ulikuwa unafanya nini?" Mheshimiwa akauliza.

"Nilikuwa namwaga unga. Kichwa changu kikizunguka kwenye bakuli langu, unatoka unga mweusi. Kila hatua aliyopiga. Sikutaka. Nilijaribu kujibana, nikawa namsaga zaidi. Nilitengenezwa hivyo."

Nikahisi kitu kinanitiririkia shingoni. Gunia lilikuwa limepasuka mshono, na ndani yake unatoka unga mweusi, laini kama masizi ya chungu. Unamwagika, na kadiri Nyonga anavyosema ndivyo mzigo unavyopungua. Nakiete ameanza kuchezea unga kwa kidole.

"Alikuwa analia?" Mheshimiwa akauliza.

"Mchana hapana. Mchana alikuwa anamwambia binti yake hajambo. Akilala ndiyo analia. Mimi ndiye niliyekuwa karibu naye kuliko ninyi nyote, na nilikuwa siwezi kutoka."

Na mimi pale mbele ya mahakama nikawa nakumbuka zile asubuhi zote, naingia chumbani na uji, namwuliza umeamkaje mama, naye ananiambia hajambo.

Tai akateleza mpaka katikati. "Ushahidi mzito, Mheshimiwa. Unasikitisha. Lakini napinga. Shahidi huyu amezikwa. Huyu tunayemwona kwenye mkeka ni ndoto ya binti wa mdai."

Karani akamzungusha Mheshimiwa mpaka akanielekea mimi.

"Binti. Je, ni kweli unaota?"

Nilitamani kukataa. Lakini nilikuwa nimeshainama mbele yake.

"Ni kweli, Mheshimiwa."

"Mahakama haipokei ndoto. Umlete mwenyewe, mwenye namba shingoni."

"Mama hasemi alipo. Kwetu kilichozikwa hakifukuliwi."

Mheshimiwa Kitanda akalia springi, ndivyo anavyoguna. "Sheria hiyo naijua," akasema. "Siwezi kuivunja. Mimi mwenyewe nilikuja huku kama kitanda cha msaada juzi juzi tu, hiyo niliikuta. Kama hakuna la ziada, nafunga."

Kutoka kwenye geti nasikia sindano za Ukomo. Tik, tik, tik.

"Naomba kuongeza, Mheshimiwa," Nyonga akasema.

"Ongeza."

"Sheria hiyo inahusu kilichotoka mwilini. Mimi sikutoka mwilini mwa Nanzia. Nilitolewa. Sikuzaliwa naye, sikukua naye, damu yake haikuwahi kupita ndani yangu. Nilikuwa mpangaji. Mpangaji akifa hazikwi uani kwa mwenye nyumba. Anarudishwa kwao."

Mabenchi yote yakaguna. Huo mguno naujua, ni mguno wa watu wa Usangi wanapoona mpaka wa shamba umesogea.

"Wewe kwenu ni wapi?" Mheshimiwa akauliza.

"Kiwandani kwa mteja wa huyu bwana."

"Wakili, unamtambua? Ni wenu?"

Tai akasita. Nilimwona anapima. Halafu zambarau yake ikang'aa.

"Tunamtambua, Mheshimiwa. Ni wetu kabisa. Na kama ni wetu na amezikwa kule, basi mteja wangu ana kaburi Usangi." Akajipangusa mkunjo. "Na mahakama inajua, mwenye kaburi ana shamba."

Watu wakasimama. Hata mbuzi wakasimama. Nilisikia jirani yetu Mama Mbonea akisema, "Ee, hawa watu. Kwanza mguu, sasa shamba." Mbuzi mzee wa pembeni, yule mwenye kengele, akatafuna polepole, akameza, akasema, "Sasa hiyo ni kesi."

"Kimya," karani akasema.

"Amri," Mheshimiwa akasema. "Wakili amekiri ni wao, iandikwe. Mpangaji arudishwe kwao, na njia ya kwenda kwao ipitie hapa. Mwenye shamba aambiwe. Akisema ndiyo, geti liko wazi. Akisema hapana, nisiamshwe tena."

Karani akamlaza.

Hapo ukumbi ukawa uani kwetu, mchana, jua la kawaida. Banda la mbuzi limerudi kuwa bila rangi. Nimesimama na kikapu, mzigo kichwani umebaki gunia tupu. Nyonga yuko mbele yangu kwenye nyasi.

"Nipo hapa," akasema. "Chini ya mgomba wa mshare, huu ulioegemea banda. Mjomba wako alichimba upande wa jua linapochomoza. Nimefungwa kanga ya mama yako."

"Asante kwa kuniambia."

"Dada."

"Bee."

"Kuna baridi kule. Kwa mama yako kulikuwa na joto."

Alikuwa amemla mama yangu polepole, na alikuwa anatetemeka. Nikamshusha Nakiete, nikamvua soksi ya mguu wa kushoto, nikamvalisha Nyonga kichwani. Ilimwenea vizuri mpaka shingoni.

"Usiipoteze," nikamwambia. "Amefuma bibi yake."

"Naijua mikono yake," akasema. "Alikuwa anafuma nami nipo."

Nikaamka.

Palikuwa pameshapambazuka, majogoo wanamalizia. Nakiete alikuwa macho, amelala chali, anatazama miguu yake kwa mshangao. Mguu wa kulia una soksi ya njano. Wa kushoto uko wazi.

Nilipekua shuka. Nikainua mto, nikainua godoro, nikatazama chini ya kitanda na ndani ya nepi. Hakuna. Nikambeba hivyohivyo mpaka chumbani kwa mama. Alikuwa ameshakaa, magongo yameegemea ukuta, ana uzi mapajani.

"Shikamoo mama. Umeamkaje?"

"Marahaba. Sijambo." Akanyoosha mikono. "Mlete mke mwenzangu." Akampakata, akamshika ule mguu mtupu. "Soksi nyingine iko wapi?"

"Nimempa mtu."

"Mtu gani huyo mwenye mguu mdogo hivi?"

Nikakaa kitandani nikamweleza yote. Geti, sweta, gunia, kitanda, mlima uliokuja. Mama alikuwa anasikiliza huku anafuma, anasema "haya," "haya," kama anavyomsikiliza mtoto. Nilipofika kwenye kulia usiku, sindano zikasimama. Sikutua. Nikaendelea mpaka kwa mpangaji.

"Alisema hivyo? Yeye mwenyewe?"

"Yeye mwenyewe."

"Kwamba si wa kwetu."

"Alisema alipanga tu."

Akatazama dirishani. "Si uongo," akasema. "Nilikuwa nahisi kuna mgeni." Akavuta uzi. "Na yule mwenye tai alisemaje?"

"Alisema ni mtu wao. Kwa hiyo wana kaburi Usangi. Mwenye kaburi ana shamba."

Mama akaweka sindano chini. Nimemwona mama yangu akiumwa, nimemwona akifiwa. Sijawahi kumwona na uso ule.

"Kaka yangu Elieza," akasema taratibu, "amemzika mtu wa watu kwenye shamba la marehemu baba yako. Na sala akamsalia. Kesho wanakuja hao na karatasi zao, wanasema tunaomba kuona kaburi la mwenzetu, mimi nitawaonyesha nini? Nitawaambia hayupo?"

"Sijui, mama."

"Nipe magongo. Lete jembe."

"Nichimbe wapi?"

Akanitazama kama anayenipima. "Si umesema umeonyeshwa?"

Nikamweka kwenye kigoda kando ya banda la mbuzi, Nakiete mapajani kwake. Nikaenda moja kwa moja kwenye mgomba wa mshare ulioegemea banda, upande wa jua linapochomoza. Mama hakusema ndiyo, hakusema siyo. Yule mbuzi mzee mwenye kengele alikuwa ametoa kichwa, anatafuna.

Udongo ulikuwa laini. Jembe lilipogusa kitambaa nikaliweka pembeni nikachimba kwa mikono. Ikatoka kanga, ile ya mama ya maua mekundu iliyopotea tangu nijifungue, imeoza pembeni. Nikaifungua magotini pa mama, kunjo moja, kunjo la pili.

Alikuwa mwenyewe. Kijiti, shingo, bakuli pembeni. Na kichwani amevaa soksi ndogo ya njano, kavu, haina hata chembe ya udongo.

Mama aliitazama ile soksi. Nakiete akanyoosha mkono kwa Nyonga, kama kwa mtu anayemjua.

"Pole na safari," mama akamwambia Nyonga. "Hukai. Unapita tu."

Kisha akanigeukia. "Mpigie wakili wako, mwambie tunashuka leo. Na mvue hiyo soksi kwanza. Mtoto ana baridi."

Nikaivua. Namba ilikuwa palepale shingoni, inasomeka. Nikamvalisha Nakiete mguu wake wa kushoto, na mama akaushika ule mguu kwa viganja viwili, akanitazama.

"Ina joto," akasema.